Ushuhuda Mfupi wa Mzee Elisha

Katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja hakuna siri ya tumbo. Unaweza kuficha mshahara wako, unaweza hata kuficha mchumba, lakini ukishinda unakimbilia uani na kopo la maji mkononi, wapangaji wote wanajua. Ndiyo maana mimi, mwalimu wa darasa la nne, nilizifahamu habari za shemeji yangu Elisha miaka mingi kabla ya madaktari, na kabla ya waumini waliokuwa wakimpigia makofi.

Elisha alikuwa mtu wa Rungwe, kama sisi. Alikuja Mtwara kutafuta kazi bandarini, akamwoa mdogo wangu Yustina, na mimi nilipopata uhamisho nikapanga chumba upande wa pili wa ua wao, pale Rahaleo. Aliendesha winchi. Msimu wa korosho ulipofika na meli zikafunga gati, yeye ndiye aliyeinua magunia kutoka chini na kuyateremsha ndani ya tumbo la meli.

Kazi hiyo ina ajabu yake. Mwendesha winchi haoni mzigo unakokwenda. Anaona mkono wa mwenzake tu, anayesimama juu ya mdomo wa lile shimo la meli na kutoa ishara. Kiganja kikielekea chini na vidole vikichezacheza, maana yake shusha taratibu. Ngumi, maana yake simama. Mzigo ukikaa sakafuni, mtoa ishara anapaza sauti, "Umefika chini salama," na hapo ndipo mwendesha winchi anapumua. Mtoa ishara wa Elisha alikuwa Feliciano, mtu wa Mahurunga ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita. Alikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, mpole, na hakuna aliyewahi kumwona bila sigara moja mdomoni na nyingine imechomekwa nyuma ya sikio.

Elisha naye alivuta. Alivuta kabla ya chai, baada ya chai, na badala ya chai. Yustina alikuwa akisema hana haja ya kumtafuta mumewe sokoni, anafuata moshi.

Mwaka 1996 ulikuja mkutano wa injili kwenye uwanja wa shule. Mhubiri alitoka mbali, vipaza sauti vilitoka mbali zaidi, na siku ya mwisho paliwashwa moto wa kuchomea hirizi, chupa na tumbaku. Elisha alipita mbele, akatupa pakiti yake motoni. Niliseme hili wazi sasa hivi, maana huko mbele nitamcheka: mtu yule alipoacha, aliacha. Hakuvuta tena hata pumzi moja. Alitetemeka wiki nzima, akagombana na kuku, akalia mbele ya mkewe, lakini hakurudi nyuma.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani. "Tangu siku niliyotupa sigara," alisema, "Bwana amenipa mwili mpya. Sijaugua hata mafua." Kanisa likalipuka. Mchungaji Josephu, aliyekuwa akilichunga kundi letu kwa sauti kubwa na akili nyingi, alitambua mara moja kwamba amepata ushuhuda mzuri: mtu wa bandarini, dhambi inayonuka, uponyaji unaoonekana. Akamwita tena Jumapili ya pili, na ya tatu. Kila Jumapili Elisha hakuwa amewahi kuugua hata mafua.

Tumbo lilianza miezi michache baadaye.

Lilianza kama matumbo yote ya Mtwara yanavyoanza, tukasema ni maji ya kisima. Kisha damu ikaonekana. Kisha ikawa hali ya kila siku: anaitwa na tumbo, na tumbo halisemi tafadhali. Yustina alimwambia waziwazi nikiwepo.

"Baba Tumaini, twende hospitali."

"Nikionekana hospitali, Jumapili nitasimamaje? Nimewaambia sijaugua hata mafua."

"Mafua huna," Yustina alijibu. "Unahara damu."

Akakataa. Basi nikawa mimi ninayekwenda duka la dawa kumnunulia vidonge vya amiba, mara tena vya amiba, mara vya minyoo, hadi muuzaji akaanza kunipa pole kila aliponiona. Nusu ya mji wa Mtwara iliamini kwamba Mwalimu ana amiba isiyosikia dawa. Nilivumilia kwa ajili ya mdogo wangu, si kwa ajili ya injili.

Kanisani, hata hivyo, ugonjwa ulimpandisha cheo. Alihamia kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, waumini wakasema: tazameni unyenyekevu. Akaacha kula kabla ya ibada, kwa kuogopa kitakachofuata, wakasema ni mtu wa kufunga na kuomba. Akakonda, mashavu yakaingia ndani, wakasema anautesa mwili. Katikati ya mahubiri aliinuka ghafla, akatoka mbio macho yamemtoka, akarudi amelowa jasho, na wao wakanong'onezana kwamba Mzee Elisha akiguswa na Roho hawezi kungoja. Hilo la kutoweza kungoja lilikuwa kweli.

Ushuhuda wenyewe aliufupisha kila mwaka, kwa sababu ambazo mimi na choo chetu tulizijua. Wengine walisimama wakaeleza tangu kuzaliwa kwao. Yeye alisema maneno machache, akashuka, akaelekea mlangoni. Wakasema ana upako, hapotezi maneno. Wakamfanya mzee wa kanisa. Wakaanza kumwazima: leo Lindi, mwezi ujao Masasi, Pasaka Newala. Mtu asiyeweza kukaa mbali na choo wakamzungusha kusini kote kwenye magari ya mizigo.

Nje ya kanisa walikuwa na maelezo yao. Miaka ile mtu akikonda na kuhara, mtaa ulikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilitamkwa kwa kuinua nyusi. Kwa hiyo shemeji yangu alikuwa mtakatifu hadi kwenye ngazi za kanisa, na akishuka ngazi alikuwa mwathirika. Yote mawili aliyabeba kwa ukimya, na kila mwaka tumbo lilimkamua zaidi.

Bandarini ndiko walikojua ukweli, maana mzigo ukiwa unaning'inia huwezi kudanganya. Mwendesha winchi hashuki kwenye kiti chake wakati magunia yako hewani juu ya vichwa vya watu. Basi Elisha na Feliciano walitunga ishara yao, ambayo haikuwemo katika mafunzo yoyote. Elisha akiona hali imekuwa mbaya, aliweka kiganja tumboni. Feliciano aliwaondoa watu chini, akaushusha mzigo upesi kwa ishara, na ulipokaa tu Elisha alikuwa ameshafika nusu ya gati. Genge zima lilingoja, na hakuna aliyelalamika. Feliciano alitumia muda huo kuvuta.

Mwisho wa mwaka 2003, katikati ya msimu, siku moja Elisha hakuwahi kuweka kiganja tumboni. Alizimia. Mkono wake uliachia mpini, winchi ikasimama yenyewe, na magunia yakabaki yanabembea juu ya wapakiaji. Feliciano aliwafukuza watu, akapanda mwenyewe, akashusha mzigo, kisha akambeba rafiki yake mgongoni hadi hospitali. Alipofika Rahaleo kutuita, shati lake lilikuwa na damu ambayo si yake.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu ntu anakufa kwa ajili ya makofi. Mie navuta, sijaokoka, lakini sifi kwa ajili ya makofi."

Hospitalini walimwongeza damu. Walimpima amiba, hakuna. Taifodi, hakuna. Kile kipimo ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikingoja, hakuna. Mtaa ukasema mashine mbovu. Madaktari wakatuandikia rufaa ya Dar es Salaam, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Yustina akaniomba nimsindikize. "Wewe utauliza," alisema. "Yeye wakimwuliza hali, atajibu anamshukuru Mungu."

Safari ya basi sitaieleza yote. Daraja la Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka uleule, na kila mtu alilisifia, ila kabla ya kulifikia kulikuwa na matope yaleyale ya zamani. Kila baada ya muda nilimwomba konda asimamishe gari tukachimbe dawa. Mwishowe konda akamwambia Elisha, kwa heshima kabisa, kwamba mzee, msitu huu una mwisho. Abiria wakacheka. Elisha naye akacheka, na nilipomtazama nikaona anatokwa machozi.

Tulimkuta daktari kijana, mwanamke, anaitwa Glory. Walimpitishia bomba lenye kamera, wakaona utumbo mpana umejaa vidonda kuanzia chini. Kisha akakaa naye na kuanza maswali.

"Mzee, unavuta sigara?"

Hapo shemeji yangu alifufuka. Aliketi wima. Alieleza uwanja wa shule, vipaza sauti, moto, pakiti. Ni mimi tu niliyejua kwamba ule ulikuwa ushuhuda mzima, wa kwanza, usiofupishwa. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo uliacha mwaka tisini na sita, mwezi wa saba. Na tumbo lilianza lini?"

Nilijibu mimi.

"Mwaka huohuo. Kabla ya Krismasi."

Daktari Glory hakushangaa. Alisema ugonjwa huu ni wa askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, kukosa adui na kugeukia utumbo wenyewe. Hakuna anayejua kwa hakika kwa nini huanza. Ila jambo moja madaktari walikuwa wameliona kwa miaka mingi bila kulielewa: baadhi ya watu huupata baada tu ya kuacha sigara.

"Sasa mwaka huu," alisema, "watafiti wameandika jambo ambalo labda linaeleza. Kuna mshipa mrefu wa fahamu unatoka kwenye ubongo, unapita shingoni na kifuani, unafika tumboni. Askari wakizidisha vurugu, ubongo hutuma habari kwa njia hiyo: tulieni. Habari inapokelewa na kitu kidogo sana kilichoko juu ya chembe za hao askari. Tunakiita kipokezi. Kipokezi kikiguswa na kemikali yake, askari wanatulia. Na nikotini, ile iliyomo kwenye tumbaku, inakigusa kipokezi hichohicho."

Elisha alikuwa akitazama mikono yake. "Yaani askari hawaoni," alisema polepole. "Wanaangalia mkono."

"Mkono gani?"

Akaeleza winchi na mtoa ishara. Daktari alisema bandari haijui, lakini ndiyo, ni hivyo.

"Na tumbaku ni mlevi aliyesimama palepale kwa mtoa ishara, anapunga ishara ileile."

"Na ulimfukuza ghafla," alisema Daktari Glory, "kumbe kwako wewe, wale askari walikuwa wameshamzoea. Mtoa ishara halali yupo, lakini huenda amezidiwa. Kichwa kikiwa na hofu, naye hana utulivu wa kupunga mkono vizuri. Kuna siku tumbo linazidi?"

"Jumapili," nilisema.

Elisha aliuliza swali ambalo nilijua litakuja, na alilitoa kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Kwa hiyo nirudi kuvuta?"

"Usithubutu. Tumbaku inaweza kukutuliza tumbo, halafu ikakuua kwa kifua. Ulifanya vyema kuacha. Dawa zipo, utameza miaka, labda maisha. Shida yako wewe si kwamba uliacha sigara, mzee. Shida ni kwamba ulikaa miaka saba bila kuja."

Alirudi Mtwara na vidonge vikubwa vya rangi ya chungwa, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa anakula ugali kwa samaki kama mtu mwingine. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilisahau kanisa.

Pasaka ilikuwa na kongamano la mikoa ya kusini, askofu anakuja, na ushuhuda wa Elisha ulikuwa tayari umo kwenye ratiba. Mchungaji Josephu alikuja uani kwetu, akasikiliza habari za kipokezi hadi mwisho, akapangusa miwani.

"Mzee Elisha, ukweli mwingine haujengi," alisema. "Ukisema uliacha tumbaku ukaugua, nani atatupa pakiti motoni? Sema ulikwenda Dar es Salaam, ukapimwa, ukaonekana huna kile wanachokisema. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Hata jina lake lingesafishika. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, na nilimchukia kwa sababu hiyohiyo, kwamba alikuwa na hoja.

Siku ya siku kanisa lilifurika. Elisha alipanda mbele, akaanza kama kawaida. "Tangu siku niliyotupa sigara, Bwana amenipa mwili mpya. Sijaugua..." Akainua macho. Nikageuka kutazama alikotazama. Mlangoni, karibu na kile kiti chake cha nyuma, alikuwa amesimama Feliciano, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka aliyekosea kanisa makusudi. Hakuwa na sigara mdomoni, kwa heshima. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa, kiganja chini, vidole vinachezacheza. Shusha. Taratibu.

"Nimeugua," Elisha alisema. "Nimeugua miaka saba, nikiwadanganya hapa kila Jumapili. Nilipokuwa nakimbilia nje, sikuwa naomba."

Akaeleza yote: damu, winchi, Dar es Salaam, mshipa, kipokezi, vidonge. Akasema tumbaku ni sumu na asiyeacha aache, lakini mtu akiugua aende hospitali, hata kama amesimama hapa mbele akasema ni mzima. Askofu aliinamia Biblia yake. Mchungaji akaiashiria kwaya, na kwaya ikaimba kwa nguvu ambayo sijaisikia tena.

Nililia, na mimi si mtu wa kulia kanisani.

Matokeo yake yangekuwa ya kuchekesha kama yasingekuwa ya kusikitisha. Wazee wa kanisa waliamua Mzee Elisha apumzike uzee, kwa ajili ya afya yake. Watu waliokuwa wameacha ugoro waliurudia, wakisema mtumishi mwenyewe ameshuhudia kwamba tumbaku hutuliza utumbo. Mama Sabina wa kwaya, ambaye tumbo lilimsumbua kwa kula maembe mabichi, alikamatwa na mumewe akivuta nyuma ya banda la mbuzi. Na mtaa, uliokuwa umeambiwa kila kitu kwa Kiswahili fasaha, ulitikisa kichwa. Ugonjwa gani huo, walisema, usio na jina la Kiswahili? Wakainua nyusi zilezile.

Elisha aliendelea na winchi yake. Kanisani alibaki kwenye kile kiti cha nyuma, ingawa sasa hakuwa na haja tena ya mlango. Hakuna aliyempa kiti cha mbele. Hakulalamika, ila kila Jumapili wakati wa shuhuda nilimwona anavyokunja na kukunjua kofia yake. Aliupenda ule wito wa kupanda mbele, na hilo halikuwahi kumtoka.

Feliciano alianza kukohoa mwaka 2007. Tumbo lake lilikuwa chuma hadi mwisho, alikula chochote, na alipenda kumkumbusha Elisha hilo. Elisha ndiye aliyemburuta hospitali, na safari hii si aibu iliyochelewesha, ni kwamba kifua kilikuwa kimeshakwisha. Alikufa mwaka uliofuata, tukamzika Mahurunga, nyuma ya nyumba ya mjane wake Amelia, hatua chache kutoka kishamba chake cha tumbaku kilichokuwa kimestawi kuliko mihogo yote ya jirani.

Mchungaji Josephu alikuja na ujumbe wa kanisa, kwa ajili ya Elisha. Katekista alipokuwa akimaliza sala, nilimsikia Mchungaji akisema kwa sauti ya chini.

"Mzee Elisha, nimeomba nafasi kwenye salamu. Hapa ndipo pa kusemea. Huyu alivuta, wewe uliacha. Na ule uzee wako, naona umepumzika vya kutosha."

"Nitasema nini, Mchungaji?"

"Ule wa zamani. Ule mfupi."

Shemeji yangu alimeza mate. Nilimwona. Alikuwa anautaka ule uzee kama mtoto anavyotaka kurudishwa mchezoni, nami nikaogopa kwamba atakubali.

Vijana wanne walikuwa wameanza kushusha jeneza kwa kamba. Walikuwa vijana wa shambani, kila mmoja analegeza kwa kasi yake, na upande wa kichwa ukatangulia chini ghafla. Watu wakaguna. Amelia akaziba uso. Elisha akampita Mchungaji, akasimama kwenye ukingo wa kaburi pale ambapo wote wanne waliweza kumwona, akainua mkono. Kiganja chini, vidole vinachezacheza.

Vijana wale walikuwa hawajawahi kukanyaga bandarini, lakini walielewa. Macho yao yakahama kwenye shimo yakakaa kwenye mkono wake. Jeneza likanyooka. Likashuka taratibu, taratibu, hadi tukasikia limegusa udongo, na hapo Elisha akafunga ngumi.

Alipoitwa kwenye salamu hakwenda mbele. Alisema akiwa palepale ukingoni.

"Umefika chini salama."

Kisha akarudi akakaa karibu na mimi. Ulikuwa ushuhuda wake mfupi kuliko wote, na hakuna aliyepiga makofi.